KUKARIRI SI KUJUA

Muhula uliopita, katika jaribio la fizikia, swali la mwendo lilinipa sifuri. Kanuni zote tatu nilikuwa nimezikariri kama kasuku, lakini mbele ya karatasi zikachanganyika kama githeri. Mwalimu akaniambia, "Usizibebe kichwani, zijenge mwenyewe."

Basi tuzijenge. Gari lina kasi u. Kila sekunde kasi hiyo inaongezeka kwa kiasi kilekile, a. Hicho ndicho mchapuko. Baada ya sekunde t, nyongeza ni at. Kwa hivyo kasi ya mwisho ni:

v = u + at

Kwa kuwa kasi inapanda sawasawa, wastani wake uko katikati ya mwanzo na mwisho. Hoja hii wasomi wa Oxford waliijua tangu karne ya 14. Umbali ni wastani mara muda:

s = (u + v)t ÷ 2

Sasa ondoa v, mahali pake utie u + at:

s = ut + ½at²

Na kama muda hatujapewa? Kanuni ya kwanza inasema t = (v − u) ÷ a. Uitie kwenye ule umbali wa wastani, nayo (v + u)(v − u) ni v² − u². Tunapata:

v² = u² + 2as

Kumbe ni hayo tu! Lakini kumbuka, mchapuko ukibadilikabadilika, kanuni hizi hazifai.

Hii ya tatu ndiyo iliyonishtua. Sisi wa shule ya kutwa huvuka barabara kuu kila asubuhi. Tuseme breki za matatu zinapunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde, kila sekunde. Ikisimama, v ni 0. Ikiwa ilienda mita 10 kwa sekunde (kilomita 36 kwa saa), itasimama baada ya mita 10. Je, ikienda mara mbili ya hapo, itahitaji mita 20? Hata! Itahitaji mita 40, maana u imezidishwa kwa yenyewe. Na hapo sijahesabu mwendo wa kabla dereva hajakanyaga breki.

Zamani nilikuwa nikichomoka mbele ya matatu eti niwahi kengele. Siku hizi nangoja ipite. Wahenga walisema, heri kawia ufike.