Tabora: Mechi isiyo na goli, shabiki ndiye bao

TABORA. "Kaka, kesho kuna mechi kali. Bagika na Bagalu. Twende?"

Aliyeniuliza ni dereva wa bodaboda aliyenichukua stesheni usiku, baada ya treni ya kutoka Dar kunishusha mimi na begi langu. Ligi ilishamalizika, nilikuwa nimekuja kwa shughuli ya kifamilia tu, na mtu aliyezoea mpira akikaa wiki tatu bila mechi anaanza kuangalia hata watoto wanaocheza chandimu. Nikajua ni zile ndondo za kugombea mbuzi. Nikamwambia anifuate saa nne asubuhi.

Usiku huo huo, pale gesti, rimoti ilikuwa imekufa betri na runinga ya mapokezi imeganda kwenye chaneli moja. Walikuwa wanaonyesha watu wanacheza dansi juu ya barafu. Tulikuwa wanne: mimi, dada wa mapokezi, mlinzi na mfanyabiashara mmoja wa asali. Mwanzoni tulicheka. Dakika kumi baadaye hakuna aliyetaka kwenda kulala. Jamaa anakimbia kwa miguu yenye visu, anaruka, anazunguka hewani mara tatu au nne, anatua kwa mguu mmoja kama vile hajafanya kitu. Mwingine anambeba mwenzake juu ya kichwa huku bado anateleza.

"Sasa hapo nani anashinda?" akauliza mlinzi. Swali la mtu wa mpira.

Nikamweleza ninavyojua. Kwenye Olimpiki wanakaa majaji tisa. Kila mruko na kila mzunguko una thamani yake, majaji wanapima umefanywa vizuri kiasi gani, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, zilizobaki ndizo zinazohesabiwa. Mchezaji mmoja mmoja anapewa kama dakika nne kwenye programu ndefu. Akianguka, pointi zinakatwa. Lakini hii tunayoangalia si mashindano, ni onyesho. Wengi wao wameshastaafu kushindana, sasa wanalipwa kucheza mbele ya watu. Hakuna majaji. Kuna makofi tu.

"Kwa hiyo hakuna matokeo," akasema mlinzi, akainuka kwenda kufunga geti. Kwake habari ilikuwa imeisha.

Barafu ya namna hiyo kwetu ni hadithi. Nairobi waliwahi kuwa na uwanja wake, pale Panari, Barabara ya Mombasa, uliofunguliwa mwaka 2005, na vijana wa Kenya wakaunda hadi timu ya magongo ya barafuni. Tabora barafu unayoijua ni ya kwenye friji ya soda. Nikalala nikijua kwamba mambo ya dansi yameishia hapo gesti.

Goli ziko wapi?

Saa nne asubuhi tukashika barabara ya Nzega, kisha tukakata kushoto, tukala vumbi la kutosha. Ulikuwa msimu wa baada ya mavuno, mashamba yamekauka, watu wana nafasi na wana kitu mfukoni. Tulipofika nikaona umati, nikaona baiskeli zimelazwa kwa mamia, nikaona akina mama wanauza karanga na miwa. Uwanja mkubwa wa udongo. Milingoti hakuna.

"Goli ziko wapi?"

Dereva wangu akacheka mpaka akaizima pikipiki. "Goli si sisi hapa?"

Hapo ndipo nilipojua nimeletwa kwenye ngoma. Na nikiri, kidogo nikasirike.

Lakini ngoja nikueleze sheria, halafu uniambie kama hii si mechi. Bagika na Bagalu ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, ambao siku hizi wamejaa pia Nzega, Igunga na sehemu kubwa ya mkoa wa Tabora, wakiishi na ndugu zao Wanyamwezi. Simulizi zinasema vilianza karne ya 19 kwa ushindani wa waganga wawili waliokuwa mafundi wa ngoma, Ngika na Gumha. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu. Tangu hapo mcheza ngoma ni wa huku au wa kule, na mara nyingi upande anaurithi nyumbani, kama wewe ulivyorithi jezi kwa baba yako bila kuulizwa.

Siku ya mechi timu zote mbili zinaingia uwanja mmoja, kila moja na duara lake, hatua chache kutoka kwa mwenzake. Zinaanza kwa wakati mmoja. Refa hakuna, VAR hakuna, majaji tisa hawapo. Mashabiki wako katikati, na wako huru kutembea. Ukivutiwa na wale, unaenda kwao. Wakikuchosha, unarudi huku. Jua linapozama, duara lenye watu wengi ndilo lililoshinda. Zamani mechi ya namna hii iliweza kuchukua hata siku kadhaa.

Kwa hiyo bao ni mtu. Ukihama, umefunga. Na umefunga golini kwa wale uliowaacha.

Kamati ya ufundi ipo? Ipo, tena hawa hawaifichi. Kila upande una dawa zake za mvuto, na sifa ya kiongozi wa ngoma, manju, imekuwa ikienda sambamba na sifa ya dawa yake. Sisi kwenye soka tunaruka ukuta usiku na kukanusha asubuhi. Huku ni sehemu ya maandalizi, kama mazoezi ya viungo.

Njia ya wapagazi

Kabla sijafika kwenye kipindi cha pili, inabidi ujue uko wapi. Tabora ndiyo ilikuwa makutano ya njia kuu ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi hapa ilikuwa ni kutembea karibu miezi mitatu, na waliobeba wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, maelfu kwa maelfu kila mwaka, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Hapa Kwihara ndipo Livingstone na Stanley walipokaa mwaka 1872, baada ya kukutana Ujiji mwaka uliotangulia.

Wazungu waliopita njia hiyo waliandika sana juu ya kitu kimoja: wapagazi hawa wakifika kambini jioni, baada ya kutembea kutwa, walicheza ngoma. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, kavaa manyoya kichwani, na ngoma inapigwa karibu yake. Mtu amebeba kilo 30 tangu alfajiri, halafu usiku anacheza. Leo tunamlalamikia mchezaji anayecheza mechi mbili kwa wiki.

Njia hiyo hiyo ikaja kuleta kitu kingine kutoka pwani: ngoma ya Beni. Ilizaliwa mwambao mwishoni mwa karne ya 19, na vita ya 1914 hadi 1918 ikaisukuma bara pamoja na askari na makarani. Wachezaji walivaa sare, wakapiga gwaride, wakapeana vyeo vya kijeshi na hata ufalme. Na walikuwa na pande mbili: Marini na Arinoti. Marini walijiona ndio wenye hadhi, Arinoti wakajibu kwa wingi wao. Wakashindana kwa nguo, kwa karamu na kwa wafuasi, mji baada ya mji.

Angalia tarehe, mtani. Yanga imeanzishwa 1935, Simba 1936. Nchi hii ilikuwa imeshajigawa pande mbili na kutambiana mitaani kabla hizo klabu hazijawa na mpira wa kuchezea. Huu utani wetu wa Kariakoo umekuta nyumba imeshajengwa. Na Tabora yenyewe iliendelea na mchezo huo kwenye muziki, ikawa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids kwenye mji mmoja. Ukiwa na bendi tatu kama hizo mtaani, lazima uwe na upande.

Kipindi cha pili

Haya, turudi uwanjani. Hadi saa nane mchana Bagika walikuwa wanaongoza. Walitoa chatu mapema, mzima, mnene kama paja, kijana anacheza naye shingoni kama skafu ya klabu. Watu wakamiminika. Na mimi nikamiminika nao, simu mkononi.

Bagalu hawakuwa na papara. Walicheza mpira wa chini. Wakaacha wenzao wachoke na jua, wenyewe wakipokezana. Ilipogonga saa kumi wakaingiza majembe.

Bugobogobo ni ngoma ya jembe, imezaliwa shambani, pale watu wanapolima kwa pamoja huku ngoma inawapa mwendo. Wachezaji wakasimama mistari miwili, ngoma kubwa zikaanza taratibu, njuga miguuni zikajibu. Halafu mapigo yakapanda. Majembe yakarushwa juu, yakazunguka hewani, yakadakwa kwa mpini, yakarushwa tena, mstari mzima kwa pamoja, na miguu haijakosea hata pigo moja. Nikakumbuka yule jamaa wa barafuni. Yeye akikosea anaanguka chini, anapunguziwa pointi. Huyu akikosea, chuma kinatua kwenye kichwa chake au cha jirani yake. Na anafanya hivyo peku, kwenye vumbi, tangu asubuhi.

Nikaona umati unageuka. Haukutangazwa, haukupuliziwa filimbi. Watu walianza kugeuza shingo, kisha mabega, kisha miguu. Ndani ya robo saa duara la Bagika lilikuwa na mapengo kama jukwaa la timu iliyofungwa nne. Na mimi nilikuwa nimeshahama. Sikumbuki hata nilivyovuka.

Nilipogeuka nyuma ndipo nikawaona. Bagika walikuwa bado wanacheza. Manju wao, kijana asiyezidi miaka thelathini, jasho limemlowesha, anaimba vilevile kama alivyoimba saa sita akiwa na uwanja mzima. Chatu ameshaingizwa kwenye gunia. Waliobaki kuwatazama walikuwa watoto, akina mama wachache, na mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda chake bila kusogea.

Nikarudi, nikamwamkia kwa yale mawili matatu ninayoyajua. "Mwangaluka, mzee." Akatabasamu, mwangaluka ni ya asubuhi na jua lilishaanza kuinama, lakini akapokea hivyo hivyo. Nikamwambia upande wake umeshapigwa.

"Naona, mwanangu. Macho ninayo."

Sasa mbona hahami?

"Nikihama na mimi, watamchezea nani?"

Sikuwa na jibu. Nikachuchumaa pale pembeni yake. Tulikaa mpaka ngoma ya mwisho.

Tumhesabu nani?

Nimekumbuka maneno ya yule mzee kila nikiufikiria Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Tabora ni mji wa mpira. Umeshawahi kuwa na Milambo kwenye ligi ya juu, ukawa na Rhino Rangers msimu wa 2013/14, wakapanda na kushuka ndani ya mwaka. Kisha ikaja timu iliyokuwa ikiitwa Kitayosce. Mechi yake ya kwanza Ligi Kuu, Agosti 2023 dhidi ya Azam, iliingia na wachezaji wanane kwa matatizo ya usajili, ikawa 4-0, na mpira ukavunjika ndani ya robo saa kwa kukosa idadi. Ikawa Tabora United, Nyuki wa Tabora. Na Novemba 7, 2024 Nyuki hao hao wakaenda Chamazi wakaifunga Yanga 3-1.

Lakini njoo Mwinyi siku Yanga au Simba ikiwa mgeni. Utaona njano, utaona nyekundu, utaona mji wenye timu yake unamshangilia mgeni nyumbani kwake. Kisha njoo siku mgeni ni timu isiyo na jina. Ukae popote unapotaka, nafasi ipo.

Sisemi mtu aache klabu ya moyo wake. Hata mimi ninayo na sitaitaja hapa. Lakini kwenye soka tumejizoesha kwamba matokeo ni kazi ya wachezaji na sisi ni watazamaji tu, tukiudhika tunatoka dakika ya 80 kuwahi daladala. Wale wa barabara ya Nzega hawana faraja hiyo. Kwao ukiinuka umehesabiwa, na aliyeko uwanjani anakuona ukiondoka.

Wakati wa kurudi giza lilikuwa limeingia. Bagalu walikuwa wanabebwa mabegani. Yule manju wa Bagika alikuwa anafunga ngoma zake kwenye baiskeli, na mzee amemshikia kamba.

"Kaka, wewe ulikuwa upande gani?" dereva akaniuliza tulipofika lami.

"Nilihama," nikamwambia. "Halafu nikarudi."

Akacheka. "Basi wewe ni sare."

Gesti nikamkuta mlinzi getini. Akauliza mechi imeishaje. Nikamwambia Bagalu wameshinda, sema kuna mzee mmoja aligoma kuhesabiwa.