Begi linalogeuka pipa

Ijumaa alfajiri pale stendi ya Mbezi huwezi kumkosa. Mkono mmoja umevuta begi, mwingine umeinuliwa juu kama aliyebeba jogoo wa mahari: ameshika henga, na kwenye henga kuna suti iliyofunikwa nailoni ya dobi. Anakwenda harusini Moshi, au Tanga, au Arusha. Ndani ya basi atatafuta pa kuitundika, atakosa, ataikunja mara mbili na kuilaza kwenye keria juu ya kichwa chake. Basi likifika Segera, mtu mwingine ameshaitupia begi la mgongoni. Jioni anaomba pasi mapokezi ya nyumba ya wageni, na pasi za nyumba za wageni tunazijua.

Nimewahi kuwa abiria huyo, tena zaidi ya mara moja. Ndiyo maana huwa naudhika nikisikia mtu anasema suti yake imekunjamana kwa sababu begi lilikuwa dogo. Begi dogo halina kosa. Kosa ni la kona.

Je, wajua kwamba mkunjo na pasi ni ndugu wa tumbo moja? Pamba ni selulosi, minyororo mirefu ya molekuli iliyolala ubavu kwa ubavu, ikashikana kwa vifungo vya haidrojeni. Kifungo kimoja ni dhaifu, lakini viko vingi mno, na ndivyo vinavyolipa shati umbo lake. Adui yake ni maji. Unyevu ukipenya katikati, vifungo vinaachia, na minyororo inateleza kufuata umbo lolote itakalolazimishwa. Maji yakitoka, vifungo vipya vinafungika palepale ilipo. Umbo likiwa bapa chini ya chuma cha moto, tunasema nguo imepigwa pasi. Likiwa kona ya begi, tunasema imekunjamana.

Ukilielewa hilo utaona kwamba makosa huanzia nyumbani. Mtu anapiga pasi saa tisa usiku, shati bado lina joto na mvuke wa maji, analikunja na kulisukuma ndani ya begi kwa sababu bodaboda inapiga honi. Amelifungia ndani likiwa bado laini, tayari kushika umbo lolote. Angeliacha limetundikwa nusu saa, lipoe na kukauka vizuri, lingesafiri kwa amani. Kwa sababu hiyohiyo, koti ulilocheza nalo muziki Jumamosi usiku usilikunje Jumapili asubuhi likiwa bado na jasho.

Sufu, kitambaa cha suti nzuri, ina tabia zake. Hiyo ni keratini, jamaa wa nywele na kucha, na inaweza kunyonya mvuke wa maji hadi karibu theluthi ya uzito wake, na bado ukiigusa utasema ni kavu. Nyuzi zake zina mawimbi ya asili, kama springi ndogo. Itundike bafuni wakati wa kuoga maji ya moto: mvuke unafungua vifungo, springi zinarudi mahali pake, na mikunjo mingi inapotea bila pasi. Poliesta hainyonyi maji ya kutaja. Inachokiogopa ni joto, kwa sababu hulainika kuanzia nyuzi 70 au 80 hivi za Selsiasi. Na yale mashati yanayouzwa kwamba hayataki pasi ni matunda ya kazi ya wakemia kama Ruth Benerito, Mmarekani aliyekuwa kwenye maabara ya wizara ya kilimo mjini New Orleans. Wao waliifunga minyororo ya pamba kwa madaraja ya kikemia ambayo maji hayayafungui. Bei yake ni kwamba pamba iliyofungwa hivyo hupungua nguvu. Utaiona ikichakaa mapema kwenye ukingo wa kola.

Sasa turudi kwenye kona. Kitambaa kina unene, hata kama ni kidogo. Ukikikunja, uzi wa upande wa nje unalazimika kwenda safari ndefu kuliko wa ndani. Hesabu yake ni ya darasani: gawa nusu ya unene wa kitambaa kwa nusukipenyo cha mkunjo, utapata kiasi ambacho upande wa nje unavutwa. Chukua sufu yenye unene wa nusu milimita. Izungushie kalamu nene yenye kipenyo cha sentimita 1: upande wa nje unavutwa kwa asilimia 5. Izungushie pipa lenye kipenyo cha sentimita 30: haufiki hata asilimia 0.2, na uzi unasahau upesi jambo dogo kama hilo. Lakini ukiikunja kama bahasha na kuiweka chini ya gunia la mchele, mkunjo unakuwa mkali kama ukingo wa karatasi. Nyuzi zinavutika, zinateleza, na zikipata unyevu kidogo zinahamia huko moja kwa moja.

Hapo ndipo linapoingia begi ninalolipenda. Likiwa limefungwa utadhani ni begi la kawaida la wachezaji mpira, la mviringo, lenye mikono miwili na mkanda wa begani. Fungua zipu zake zote: linalala chini kama mkeka. Juu ya mkeka huo kuna ndoana ya henga. Unalilaza koti, suruali ndani yake, unafunga mfuniko mwembamba, kisha unauviringisha mkeka na kufunga zipu za pembeni. Suti imekuwa ukuta wa pipa. Katikati kumebaki uwazi wa kuweka viatu, chupi, mswaki na zawadi ya maharusi.

Uzuri wake uko kwenye vipimo. Pipa la kipenyo cha sentimita 30 lina mzingo wa sentimita 94 hivi. Koti la mtu wa kimo cha kawaida lina urefu wa sentimita 75 hivi. Maana yake koti halimalizi hata mzunguko mmoja, na hakuna mahali linapojikunja lenyewe. Mabegi ya suti yanayokunjwa mara tatu kama gazeti hayawezi kusema hivyo: yakiwa matupu katikati na mzigo ukayakalia, kila kunjo linageuka kona. Na sanduku la magurudumu, ambalo Bernard Sadow wa Marekani alilipatia hataza mwaka 1972, lina ubaya mwingine usiosemwa. Ukilisimamisha na kulikokota, nguo zote zinashuka kujirundika upande wa magurudumu.

Pipa nalo lina kasoro zake, nisiwafiche. Katikati pakiwa patupu, linabonyea, na faida yote inapotea, lazima lijazwe. Likijazwa sana litabishaniwa mlangoni mwa ndege, hasa kwa mashirika yanayoruhusu kilo 7 tu mkononi. Kwa hiyo la ngozi achana nalo, hata liwe zuri kiasi gani, maana linakula uzito kabla hujatia kitu. Turubai au nailoni nene inatosha. Na asiye na hela asihuzunike: shangazi kaja lolote linafanya kazi hiyo. Viringisha kitenge na taulo viwe mto mnene, zungushia suruali, kisha shati, kisha koti lililogeuzwa ndani nje, bega moja likiingia ndani ya jingine.

Ila ile nailoni ya dobi, tafadhali. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tuliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mitaro ikapumua kidogo, lakini nailoni hii bado inatolewa kwa kila suti, inasafiri mara moja na kuishia jalalani. Suti yenyewe inaumia. Nailoni inafungia ndani unyevu pamoja na harufu ya dawa ya dobi, na kwa hali ya hewa ya pwani, suti iliyokaa nayo kabatini miezi miwili hutoka na ukungu begani. Kifuniko cha kitambaa kinapumua. Shuka kuukuu lililoshonwa na fundi wa mtaani linapumua.

Begi la pipa lenyewe si lazima liwe jipya. Nimeliona Karume kwenye mitumba, likiuzwa kwa bei ya chakula cha watu wawili kwa sababu zipu haishiki. Watu wanatupa mabegi mazima kwa jambo hilo, na ni ujinga unaoniuma. Meno ya zipu mara nyingi hayana shida. Kinachochoka ni kile kichwa kinachopanda na kushuka: kazi yake ni kuyabana meno ya kushoto na kulia yaingiane, na kwa miaka mingi ya kuvutwa hupanuka kidogo, yakapita bila kushikana. Fundi wa mabegi anakibana kwa koleo, taratibu, upande huu na upande ule, na zipu inafunga tena. Dakika mbili.

Matumizi mengine? Kanzu na joho la Idi, ambavyo havina mabega ya kuogopa. Sare ya kwaya. Joho la mahafali. Gauni la msimamizi, kama halina shanga. Blauzi za hariri, ndani kabisa. Likiwa halina safari, lilaze wazi kama mkeka, lisukume chini ya kitanda.