Chuma Tele, Damu Haba
Chuma Mwilini: Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye sahani: muthokoi, mbaazi na mtama, vyakula vya wakazi wa Makueni ambavyo mbegu zake hujaribiwa na watafiti wa KALRO pale Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa. Huenda msomaji amebaki na imani kwamba damu ikipungua, dawa ni kuongeza chuma tu.

Wapo panya wa maabara wanaoikanusha imani hiyo. Walielezwa mwaka 1987, baada ya kasoro ya kurithi kuzuka katika ukoo wa panya weupe wa Jackson Laboratory, Marekani. Mtoto aliyeirithi kwa baba na kwa mama huzaliwa mdogo, amepauka, na hufa kabla ya kuacha kunyonya asipodungwa majimaji ya damu ya panya mwenye afya. Ukimpasua unakuta ini limejaa chuma, na kongosho vilevile.

Anachokosa ni transferini, protini itengenezwayo na ini ili kubeba chuma ndani ya damu. Molekuli moja hubeba atomu mbili. Panya huyu hana hata asilimia 1 ya kiwango cha kawaida. Ichukulie transferini kuwa malori yapitayo Kiboko: bandari ya Mombasa inaweza kufurika shehena, lakini malori yasipotembea Nairobi haipati kitu. Nairobi yetu hapa ni uboho, kiwanda cha seli nyekundu, ambao hutegemea chuma kilichobebwa na transferini. Ini halichagui hivyo. Hupokea hata chuma kinachozurura bila mchukuzi.

Ajabu ni kwamba utumbo wa panya huyo huendelea kufyonza chuma kwa pupa. Sababu ilieleweka baada ya kugunduliwa hepsidini, mwanzoni mwa karne hii. Hii ni homoni ya ini inayofunga feroportini, mlango wa chuma kutoka utumboni kuingia damuni. Uboho ukikosa chuma, hepsidini hushuka na mlango hubaki wazi. Nao mwili hauna njia maalumu ya kukitoa kilichozidi.

Binadamu wanaozaliwa bila transferini ni wachache mno, lakini somo lao linatuhusu. Mgonjwa wa selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara anaweza kuwa na himoglobini ya chini na ini lililojaa chuma. Malaria nayo hupandisha hepsidini. Chuma hufungiwa ndani ya seli, mtoto akapauka ilhali anacho.

Kosa la kugawa chuma bila kupima lilionekana Pemba. Katika utafiti wa watoto zaidi ya 24,000, uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2006, waliopewa chuma na asidi ya foliki walilazwa au kufa kwa asilimia 12 zaidi, na ugawaji ukasimamishwa. Katika kundi dogo lililopimwa kwanza, wenye upungufu halisi wa chuma walinufaika.

Mama mjamzito aendelee na tembe anazopewa kliniki. Kwa wengine, kabla hujamnunulia mtoto dawa ya chuma dukani Makindu au Kibwezi, mpeleke apimwe malaria na himoglobini, na panapowezekana feritini pia, protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini.