Mstari Mwekundu na Karatasi za Kuongeza Chumba

Mwenye nyumba wa Uingereza anayetaka kuongeza chumba huwa ameshajazwa maneno matatu kabla hajaigusa fomu: sheria inamlazimisha kumlipa msanifu majengo, jirani akikataa, ndoto imekufa, na akijenga kimyakimya, miaka minne ikipita hagusiki tena. Yote matatu ni porojo.

Sheria ya mwaka 1997 inamkataza asiyesajiliwa kujiita msanifu majengo. Haimkatazi mtu kuchora nyumba yake na kupeleka ombi mwenyewe. Jirani naye ana haki ya kutoa maoni, lakini halmashauri hupima hoja, haihesabu saini. Akidai chumba kitamziba mwanga, atasikilizwa. Akidai bei ya nyumba yake itashuka, amepoteza wino.

Hapa ilikuwa zamu ya michoro, ila uzushi wa miaka minne hauwezi kupita bila kisa cha Robert Fidler. Mkulima huyu wa Surrey alijenga kasri lenye minara, akalizungushia marobota ya majani makavu yaliyopangwa hadi juu, na mwaka 2002 akahamia humo na familia yake. Mwaka 2006 akayaondoa, akiamini muda wa kuchukuliwa hatua umekwisha. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ikaamua kwamba marobota yalikuwa sehemu ya ujenzi wenyewe, kwa hiyo hesabu ya miaka ilianza siku yalipoondolewa. Kasri lilibomolewa mwaka 2016. Zaidi ya hapo, kwa jengo lililokamilika tangu Aprili 25, 2024, miaka minne imekuwa 10. Bado wapo wanaoinadi ile minne.

Turudi mezani. Kwanza ihakikishwe kama ombi linahitajika. Chumba kisicho na ghorofa nyuma ya nyumba, kisichotokeza zaidi ya mita 3 kwa nyumba iliyoungana na nyingine au mita 4 kwa inayojitegemea, mara nyingi hakihitaji, mradi masharti mengine, kama ya urefu wa paa, yatimizwe. Fleti hazimo katika ruhusa hiyo.

Linapohitajika, ramani ya eneo ndiyo inayowaangusha wengi. Huchorwa kwa skeli ya 1:1250, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita 12.5 za ardhi, ikiwa na mshale wa kaskazini na majina ya barabara. Mstari mwekundu unazunguka ardhi yote inayohusika na ujenzi, pamoja na njia ya kutokea barabara ya umma. Ardhi nyingine ya mwombaji iliyo jirani inazungushiwa wa bluu. Kisha mtu anaipeleka kwenye printa, anabonyeza ipunguzwe ienee kwenye ukurasa, na skeli yote inakuwa uongo.

Mtego wa pili ni cheti cha umiliki. Cheti A kinatamka kwamba ardhi yote ndani ya mstari mwekundu ni ya mwombaji peke yake. Msingi ukipenya chini ya uzio, au mfereji wa paa ukining'inia upande wa jirani, hata kwa sentimita 10, kinachotakiwa ni Cheti B, na jirani apewe taarifa rasmi. Kutoa cheti cha uongo kwa makusudi ni kosa la jinai.

Ombi likikamilika, uamuzi kwa kawaida hutakiwa ndani ya wiki 8. Kibali kikitolewa, hakigusi kanuni za ubora wa ujenzi wala sheria ya kuta za pamoja ya mwaka 1996; hayo yana taratibu zake, na yashughulikiwe kabla fundi hajachimba msingi.