Intaneti ya Chumba cha Buguruni: Ubovu U Wapi?

Ndugu wanachama, tangu mavuno yaliyopita barua na simu nyingi zimefika afisini kwetu juu ya chumba chetu cha Buguruni, na nyingi katika hizo hazilalamikii kitanda wala maji, bali intaneti. Mwanachama atokaye Pemba kumpeleka mgonjwa wake Muhimbili hufikia pale, na waliobaki nyumbani husubiri habari usiku: daktari amesema nini, dawa ni zipi, fedha zipelekwe kiasi gani. Basi mtu akiketi kupiga simu ya WhatsApp, sauti hukatika katikati ya neno, na picha ya karatasi ya daktari huzunguka tu, haiendi. Mama mmoja alikesha huko Pemba akidhani kwamba sauti iliyokatika ilikuwa kilio.

Shauri tulilopewa na wengi lilikuwa moja: nunueni kisanduku kipya. Hatukulikubali upesi, maana fedha za chama ni karafuu zenu. Mkarafuu ukianza kukauka kileleni mkulima hakimbilii shoka. Hutazama shina kama lina mchwa, hutazama na maji kama yametuama mizizini. Basi tulikwenda wenyewe, tukakaa siku tatu pale karibu na njia panda ya Barabara ya Uhuru na ya Mandela, tukiwa na simu mbili, kompyuta moja ya kuazima, na waya.

Yafaa kwanza kujua safari yenyewe. Kisanduku chetu, kama vilivyo vingi mtaani pale, hakikuungwa na waya wo wote wa kutoka nje isipokuwa wa umeme. Kina laini ndani yake kama simu, huongea na mnara wa kampuni, kisha huigawa ile intaneti chumbani kwa waifai. Kwa hiyo zipo safari mbili za hewani, ya mnarani mpaka kisandukuni, na ya kisandukuni mpaka mkononi mwako, na watu huzichanganya. Alama za waifai zikijaa kwenye simu hazikuambii lo lote juu ya mnara. Zaonyesha tu kwamba wewe na kisanduku mnasikizana.

Kuzitenga safari hizi si kazi kubwa. Chomeka waya kutoka kisandukuni mpaka kwenye kompyuta, ujaribu. Ikienda vizuri kwa waya na kusita kwa waifai, ubovu u chumbani. Ikisita kwa waya pia, ubovu u mbele. Asiye na kompyuta na asimame hatua mbili kutoka kisandukuni ajaribu kwa simu, kisha arudi kitandani ajaribu tena.

Kwetu ilisita kote kuwili, na kitandani ikazidi. Sababu ya kwanza tuliiona kwa macho: kisanduku kilikuwa kimewekwa sakafuni, pembeni, nyuma ya kabati la chuma, kisije kikaibiwa. Chuma na bati huyazuia mawimbi ya redio, na Buguruni mapaa ya bati yamebanana. Tulifungua ukurasa wa kisanduku kwa anwani iliyoandikwa chini yake, tukatafuta nambari iitwayo RSRP, ambayo ndiyo kipimo cha nguvu ya mnara. Nambari hiyo ni ya hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: hasi 80 ni nzuri, hasi 110 ni dhaifu. Tulikipandisha kisanduku dirishani, mahali pasipo jua kali, na nambari ikabadilika palepale.

Ukurasa uleule ulituonyesha simu nyingi kuliko wageni waliokuwamo. Tulibadili neno la siri. Tena waifai za majirani hugongana, kwa kuwa katika gigahezi 2.4 ni njia tatu tu, 1, 6 na 11, ndizo zisizoingiliana. Aliye chumba kimoja na kisanduku achague gigahezi 5. Hiyo haipenyi sana kutani lakini msongamano wake ni mdogo. Na umeme ukikatika ukarudi, kipeni kisanduku dakika chache kabla ya kukilaani.

Baada ya yote hayo alfajiri ilikwenda kama maji. Lakini kila siku tangu isha mpaka saa tano usiku ilisita, hata kwa waya. Hapo ndipo tulipojua kwamba kilichobaki si chetu: mnara hugawiwa watu wote walio karibu nao, na usiku wote wamo. Kisanduku kipya cha kampuni ileile kingekaa foleni ileile. Tumeandika tarehe na saa za kusita, tukaipelekea kampuni. Isipotujibu vya kuridhisha, malalamiko yatakwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo hutaka kwanza uwe umeilalamikia kampuni yenyewe.

Ipo na siku ambayo mtu wa Buguruni hana la kufanya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi yetu ikawa katika zilizoumia zaidi. Waliobadilisha visanduku siku zile walitupa fedha. Ukiona jirani mwenye laini ya kampuni nyingine naye amekwama, ngoja.

Kisanduku kipya hatukununua. Wageni wa chumba wanaombwa wasikiondoe dirishani. Neno la siri lipo kwa mtunza nyumba. Karatasi za daktari zipigwe picha na kutumwa baada ya sala ya alfajiri, na usiku mtumie ujumbe wa sauti badala ya kupiga, maana huo hata ukichelewa hufika mzima. Mwenye mgonjwa mahututi aje na laini ya kampuni ya pili katika simu yake, na nambari hiyo awaachie wa nyumbani kabla hajapanda boti.