Nyumba Yenye Jiko la Kuni

Oktoba inapoelekea ukingoni, vijiji vya Montérégie, eneo la mashamba lililo kusini mwa jiji la Montréal huko Quebec, Kanada, hujaa vishindo vya magogo yanayomwagwa kutoka kwenye matrela. Ni wakati wa kupanga kuni. Zimepasuliwa tangu Aprili, zimekaushwa na jua la Julai, na sasa zinaingizwa bandani au kupangwa kando ya ukuta, magome yakitazama juu ili maji yateleze. Nyingi ni za maple, mti ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya nchi. Kipimo chake ni corde, rundo lenye urefu wa futi 8 na kimo cha futi 4. Upana wake hutegemea muuzaji, na hapo ndipo mabishano ya kila mwaka huanzia.

Mgeni huweza kushangaa, maana nyumba nyingi za hapo hazipashwi joto kwa kuni. Chini ya kila dirisha kuna kipasha joto cha umeme, na umeme wa Quebec ni miongoni mwa ulio rahisi zaidi Amerika Kaskazini. Mwenye nyumba akiulizwa kwa nini basi anajichosha na magogo, mara nyingi jibu lake ni mwaka tu: 1998.

Watu wa bonde la mto Saint-Laurent hawababaishwi na theluji. Theluji ina koleo lake, ina malori yake, na watoto huichezea. Wanachokihofia ni verglas, mvua inayoganda pale inapogusa kitu. Hewa ya vuguvugu kutoka kusini hupanda juu ya hewa baridi iliyonasa bondeni. Theluji inayotoka mawinguni huyeyuka ikipita kwenye hilo vuguvugu, halafu huingia katika tabaka la baridi karibu na ardhi bila kupata muda wa kuganda tena. Tone hutua likiwa bado maji ingawa joto lake liko chini ya nyuzi sifuri, na papo hapo hugeuka barafu: juu ya tawi, juu ya waya, juu ya kioo cha gari, juu ya ngazi za chuma zilizojipinda nje ya nyumba za Montréal, ambazo siku hiyo hazifai kukanyagwa na mtu mwenye akili zake. Wenye majiko hutoka na ndoo ya majivu wakayamwaga kwenye vidato. Wengine hutumia mchanga au chumvi.

Kwa kawaida eneo lililo kati ya Ottawa na Montréal hupata saa 45 hadi 65 za mvua na manyunyu ya namna hiyo kwa mwaka mzima. Kati ya tarehe 5 na 10 Januari 1998 zilipita 80. Sehemu nyingine zilipokea karibu milimita 100. Nyaya za umeme zikanenepa kwa barafu, nguzo za mbao zikakatika kwa maelfu, na mamia ya minara mikubwa ya chuma ikakunjika, mmoja ukiuvuta mwenzake. Katika kilele cha balaa hilo wateja milioni 1.4 wa shirika la umeme la Hydro-Québec walikuwa gizani, yaani watu zaidi ya milioni 3, karibu nusu ya wakazi wa jimbo. Miji ya Saint-Hyacinthe, Granby na Saint-Jean-sur-Richelieu ilipigwa vibaya kiasi kwamba eneo lililo kati yake likapewa jina la pembetatu ya giza. Baadhi ya kaya humo zilisubiri umeme hadi mwanzoni mwa Februari.

Ili kuelewa kilichowapata, inafaa kukumbuka namna watu hao walivyoachana na moto. Mpaka miaka ya 1950 jiko la chuma la kuni ndilo lililokuwa moyo wa nyumba ya shamba ya Quebec: hapo ndipo maharage yenye mafuta ya nguruwe yalipotokota usiku kucha, na hapo ndipo soksi zilipokaushwa. Kisha ukaja uchaguzi wa mwaka 1962. Waziri Mkuu wa jimbo, Jean Lesage, na waziri wake René Lévesque waliomba kura ili serikali itaifishe makampuni ya umeme, kwa wito wa kuwa mabwana katika nyumba yao wenyewe. Walishinda. Katika miaka iliyofuata mabwawa makubwa yakajengwa kaskazini, bei ikawa nafuu, na kupasha nyumba joto kwa umeme kukawa kama alama ya uraia. Majiko yakang'olewa, dohani zikazibwa. Haikuwa ujinga: nani angetaka kuamka saa kumi alfajiri kuchochea moto, ilhali kuna swichi?

Mwaka 1998 swichi ikakosa maana kwa wiki nzima, kisha mbili, kisha tatu. Ghafla nyumba yenye jiko la kuni ikawa na hadhi ambayo mwenyewe hakuitarajia. Jirani alibisha hodi na watoto, akaja shemeji, akaja bibi wa ng'ambo ya barabara na paka wake. Ramani ya nyumba ilibadilika usiku mmoja. Magodoro yalishushwa yakapangwa kuzunguka jiko, mablanketi yakatundikwa milangoni ili joto lisitoroke, vyumba vingine vikaachwa vigande. Nyama ya kwenye friza ilitolewa ikafukiwa kwenye theluji nje, kwani kule ndiko kulikokuwa na friza ya uhakika. Juu ya jiko hakikukosekana chungu cha supu ya njegere wala birika. Jioni watu walicheza karata, hasa mchezo wanaouita 500, kwa mwanga wa mishumaa. Katika baadhi ya nyumba za wazee mishumaa hiyo ilikuwa imebarikiwa kanisani siku ya Chandeleur, tarehe 2 Februari, ikahifadhiwa kwa ajili ya siku mbaya.

Usidhani kwamba ilikuwa sherehe. Watu kumi katika sebule moja kwa siku ishirini hugombana: kuhusu zamu ya choo, kuhusu nani ameacha mlango wazi, kuhusu mtoto wa nani analia. Hata hivyo ziko kanuni zilizofuatwa bila kuandikwa. Mgeni hakuja mikono mitupu. Alikuja na kuni, mishumaa au chakula chake kilichokuwa kikiyeyuka. Aliye na nguvu alipasua magogo. Na mikoa ambayo haikuguswa na barafu ilipeleka malori ya kuni kwa watu wasiowajua, jambo ambalo wenyeji waliliona kuwa mwendelezo wa corvée, desturi ya zamani ya kijiji kizima kujitokeza kumjengea mwenzao ghala lililoungua. Mtanzania angeiita msaragambo na asikosee sana.

Mashambani ng'ombe walileta tatizo la aina yake. Montérégie ni nchi ya maziwa, na ng'ombe wa maziwa hasubiri umeme urudi. Asipokamuliwa kiwele hujaa, huuma, kisha huugua. Kukamua makumi ya ng'ombe kwa mikono ni kazi isiyokwisha. Kwa hiyo jenereta zilitembezwa. Jenereta moja, mara nyingi ya kuendeshwa kwa nguvu ya trekta, ilikaguliwa, ikafungwa kwenye mashine za kukamulia za shamba la kwanza, na ilipomaliza ikavutwa hadi la pili, halafu la tatu, usiku na mchana, mpaka zamu ya shamba la kwanza ikafika tena. Wakulima ambao mwaka mzima hawakusalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba walijikuta wakipangiana saa. Kilichowauma ni kwamba maziwa mengi yaliyokamuliwa kwa taabu hiyo yalimwagwa, kwa kuwa viwanda vya kuyasindika navyo havikuwa na umeme, au barabara hazikupitika.

Wasiokuwa na jiko wala jamaa mwenye jiko walikwenda kulala kwenye vitanda vya kukunja katika shule na kumbi za kanisa. Wazee ndio waliokuwa wagumu kuhama. Waliogopa wezi, hawakutaka kuacha wanyama wao, na wengine waliona aibu kulishwa hadharani. Askari walipita nyumba hadi nyumba wakiwabembeleza. Jeshi la Kanada lilitoa karibu wanajeshi 16,000 katika kazi hiyo ya uokoaji. Kila siku Waziri Mkuu wa jimbo, Lucien Bouchard, na mkuu wa Hydro-Québec, André Caillé, walitokea mbele ya waandishi wa habari kueleza kilichotengenezwa na kilichobaki. Caillé alivaa sweta la shingo ndefu badala ya tai, na mpaka leo mtu wa Quebec wa umri fulani akiliona sweta la aina hiyo hutabasamu.

Baadhi ya waliokufa hawakuuawa na baridi wala na matawi yaliyoanguka. Waliuawa na kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, baada ya kuwasha jenereta kwenye gereji au jiko la kuchomea nyama sebuleni. Hapa msomaji wa Njombe, Limuru au Bukavu hahitaji kuelezwa mengi. Kila msimu wa baridi habari za familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani na isiamke hurudi tena magazetini. Familia nyingi zilizohamia Quebec kutoka Kongo, Burundi na Rwanda zimekulia karibu na jiko la mkaa, mbabula kama wasemavyo Goma na Bukavu, na zinajua kupika bila umeme pengine kuliko majirani zao wenyeji. Tofauti iko kwenye nyumba. Nyumba ya Quebec imezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, hivyo na moshi hauna pa kutokea. Jiko la kuni la huko huwa salama kwa sababu lina mlango unaofungika na bomba linalopanda hadi juu ya paa, na bomba hilo husafishwa kila mwaka na fundi.

Baada ya 1998 shirika la umeme lilijifunza kwa njia yake. Iliwekwa minara imara katikati ya ile ya kawaida ili mmoja ukianguka usiburute mingine yote, na huko Lévis ukajengwa mtambo wa kupasha nyaya moto hadi barafu idondoke. Kaya nazo zilijifunza kwa njia yao: jiko likarudi, jenereta ikanunuliwa, na baba akawaonyesha watoto namna ya kufunga maji kwenye bomba kuu na kufungua mabomba ya chini ili maji yaliyobaki yatoke kabla hayajaganda na kupasua mabomba.

Jijini mambo yamekwenda upande mwingine. Moshi wa kuni huchafua hewa ya Montréal wakati wa baridi, kwa hiyo tangu Oktoba 2018 ni marufuku kutumia jiko au meko ya kuni inayotoa zaidi ya gramu 2.5 za chembechembe kwa saa. Majiko mengi ya zamani hupita kiwango hicho. Lakini sheria hiyohiyo ina mlango wa nyuma: umeme ukikatika kwa zaidi ya saa tatu, kila mwenye jiko anaruhusiwa kuliwasha, liwe la namna gani. Walioitunga waliikumbuka Januari ile.

Tarehe 5 Aprili 2023 mvua ya kuganda ilirudi, na zaidi ya wateja milioni 1 wakakosa umeme, wengi wao Montréal kwenyewe. Safari hii minara mikubwa ilisimama. Kilichoangusha nyaya ni miti ya mitaani, iliyovunjika matawi yakalala juu ya magari. Kwa kuwa ilikuwa Aprili, baridi haikuwa kali na wengi walirudishiwa umeme ndani ya siku chache. Hata hivyo mzee mmoja alikufa kwa hewa ya jenereta aliyoiwasha ndani ya gereji, robo karne baada ya onyo hilohilo kutolewa kila siku redioni. Wapangaji vijana wa maghorofa, ambao hawana dohani wala mahali pa kuweka hata gogo moja, walikwenda kwenye maduka makubwa na maktaba kuchaji simu, na wenye bahati wakawapigia wazazi walioko vijijini kuuliza kama bado kuna nafasi karibu na jiko.