Kwa nini risasi za mwindaji hazibadilishwi njiani

KISUGU, Kampala – Msafirishaji mwenye ofisi Kisugu, katika tarafa ya Makindye, anaweza kupata kazi inayoonekana nyepesi: kumpokea mtalii wa uwindaji Entebbe, kumpeleka katika eneo la uwindaji lililoruhusiwa nchini au kumvusha Mutukula kuingia Tanzania. Mzigo ni bunduki moja na makasha mawili matatu ya risasi. Mteja amelipa maelfu ya dola, na gari liko tayari.

Kisha kasha moja linabaki uwanja wa ndege. Dereva anadhani jambo ni dogo, risasi nyingine zitanunuliwa dukani. Mteja anakataa kabisa, hata akitafutiwa risasi zenye jina lile lile. Wengi huona kuwa ni ukaidi wa kitajiri, kumbe mteja ana hoja. Kwa aina fulani ya bunduki, risasi zilizotengenezwa kwa ajili yake hazina mbadala barabarani, na msafirishaji asiyelijua hilo anaweza kuharibu safari nzima.

Bunduki yenye koo refu

Risasi kamili ina vitu vinne: ganda la shaba nyeupe au njano, kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka kwenda shabaha. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka, kazi yake ni kukizungusha kichwa ili kiende moja kwa moja. Kati ya mahali ganda linapokaa na mahali mifereji inapoanzia kuna nafasi laini isiyo na mifereji. Hilo ndilo koo la mtutu.

Katika bunduki nyingi koo ni fupi. Lakini baadhi ya bunduki zenye nguvu, zinazoitwa magnum, zina koo refu kwa makusudi. Mfano unaojulikana ni .300 Weatherby Magnum, risasi iliyobuniwa na Mmarekani Roy Weatherby mwaka 1944. Koo lake ni la karibu milimita 9. Kichwa kinapoanza safari hakikutani na mifereji mara moja, hivyo mgandamizo wa gesi haupandi ghafla. Mtengenezaji anapata nafasi ya kutia baruti zaidi na kichwa kinaruka kwa kasi zaidi.

Faida hiyo ina gharama. Kichwa huruka nafasi tupu kabla ya kushikwa na mifereji. Kikiingia kimeinama hata kidogo, risasi hutawanyika kwenye shabaha. Ndiyo maana risasi za kiwandani, ambazo hutengenezwa ziweze kuingia katika kila bunduki ya aina hiyo, zinaweza kulenga vizuri kwa mtu mmoja na vibaya kwa mwingine.

Mwindaji anavyotafuta risasi yake

Katika nchi ambako sheria inaruhusu, kama Marekani na Ujerumani, mwindaji mwenye bunduki ya namna hii hujaza risasi mwenyewe kwa mkono. Kazi huanzia kwenye majedwali yanayotolewa na viwanda vya baruti na vichwa. Huanza na kipimo cha chini na kupanda kidogo kidogo, akitazama dalili za mgandamizo kupita kiasi, kama vile komeo la bunduki kuwa gumu kufunguka.

Hatua ya kwanza ni kupima koo lenyewe, kwa sababu mitutu hutofautiana na koo huzidi kulika kadiri bunduki inavyotumika. Wenye bunduki za koo fupi hupenda kukitoa kichwa nje ya ganda mpaka kikaribie mifereji. Mwenye koo refu mara nyingi hawezi kufanya hivyo, kwani risasi ingekuwa ndefu kuliko magazini na isingeingia. Hulazimika kuikubali ile nafasi tupu na kutafuta kichwa kinachoivumilia. Kwa kawaida vichwa vyenye mviringo wa taratibu na ubavu mrefu ulionyooka huvumilia zaidi kuliko vile vyembamba vyenye ncha kali.

Baada ya hapo ni kazi ya usawa. Maganda hutoka kiwanda kimoja, na yaliyo bora ni yale yaliyokwisha kufyatuliwa katika bunduki hiyo hiyo, kwa kuwa yamepata umbo la chemba yake. Baruti ya .300 Weatherby ni karibu gramu 5 kwa risasi moja, nayo hupimwa kwa mizani ndogo, ganda baada ya ganda. Kila kichwa hukaguliwa kama kimenyooka ndani ya shingo ya ganda.

Kisha hujaribiwa uwanjani, na kanuni ni kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Akibadili baruti na kichwa kwa pamoja, hatajua ni kipi kilichosaidia. Risasi tatu zikikaa pamoja inaweza kuwa bahati, hivyo hurudia siku nyingine. Mtutu wa magnum hupata moto haraka, kwa hiyo huachwa upoe. Kwa mwindaji risasi muhimu kuliko zote ni ya kwanza kutoka mtutu baridi, maana porini mara nyingi hiyo ndiyo nafasi pekee.

Kazi hiyo huchukua wiki au miezi. Makasha anayofika nayo Entebbe ndiyo matokeo yake yote.

Hasara iko wapi

Biashara ya uwindaji katika ukanda huu ina historia ya kufungwa na kufunguliwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Uganda iliusimamisha mwaka 1979 na kuuanza tena kwa majaribio karibu na Ziwa Mburo mwaka 2001. Tanzania ndiyo yenye soko kubwa. Huko mnyama aliyejeruhiwa na kupotea huhesabiwa kuwa amepigwa, na ada yake hulipwa. Risasi iliyokwenda pembeni kwa sentimita chache ni pesa iliyopotea, mbali na mateso ya mnyama na hatari kwa wafuatiliaji.

Hili si jambo geni kwa Uganda. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mskoti W. D. M. Bell, aliyepata jina la Karamojo, aliwinda ndovu Karamoja na mara nyingi alitumia bunduki ndogo ya .275 Rigby. Alitegemea kuiweka risasi mahali panapotakiwa, kuliko ukubwa wake.

Hatari nyingine ni ya usalama. Risasi iliyojazwa kwa ajili ya koo refu inaweza kuleta mgandamizo mkubwa mno ikifyatuliwa katika bunduki yenye koo fupi, hata kama majina yanafanana, kwa sababu ile nafasi ya kupunguza mgandamizo haipo. Kwa hiyo makasha ya wateja wawili wanaosafiri gari moja yasichanganywe kamwe, na risasi zilizobaki zisigawiwe kwa mtu mwingine.

Mambo ya kuzingatia kwa msafirishaji

Kwanza ni uzito. Kanuni za IATA humruhusu abiria kubeba risasi zisizozidi kilo 5 kwa matumizi yake, zikiwa zimefungwa vizuri katika mizigo inayokaguliwa na kupakiwa chini, kwa idhini ya shirika la ndege. Risasi moja ya aina hii ina karibu gramu 30, hivyo kilo 5 hazifiki risasi 170, na kasha nalo lina uzito. Abiria wawili hawaruhusiwi kuunganisha vipimo vyao katika kifurushi kimoja. Baruti tupu na viwashio haviruhusiwi katika mizigo ya abiria, kwa hiyo mteja hawezi kuja kujaza nyingine hapa.

Pili ni karatasi. Kibali kitaje namba ya bunduki, jina kamili la risasi na idadi yake. Kuandika ".300 Magnum" peke yake hakutoshi, kwani .300 Weatherby Magnum, .300 Winchester Magnum na .300 H&H Magnum ni risasi tatu tofauti. Katika forodha bunduki za kuwindia ziko chini ya 9303.30 na risasi za namna hii chini ya 9306.30. Baruti iko 3601 na viwashio 3603, na hizo si bidhaa za kupitisha kama mzigo wa mtalii.

Tatu ni mpaka. Kibali cha Uganda hakifanyi kazi Tanzania, ambako silaha husimamiwa na sheria ya mwaka 2015. Vibali vya nchi zote mbili viwe mkononi kabla gari halijaondoka Kampala. Aidha, Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo inazitaka nchi wanachama kuzuia utengenezaji haramu wa silaha na risasi. Msafirishaji asikubali kumtafutia mteja fundi wa kujaza risasi mtaani, hata akiahidiwa malipo mazuri.

Nne ni joto. Gari lililofungwa juani linaweza kupita nyuzi 50 ndani. Baruti yenye joto huungua kwa nguvu zaidi, na risasi iliyojaribiwa wakati wa baridi Ulaya inaweza kupandisha mgandamizo na kubadili mahali inapogonga. Makasha yakae kivulini, ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, mbali na injini na dashibodi, na yasiachwe garini usiku.

Tano ni muda. Mteja atahitaji kujaribu bunduki yake akifika, kwa sababu safari ya ndege huweza kusogeza darubini, na hewa ya nyanda za juu ni nyepesi kuliko ya pwani. Ratiba inayomfikisha kambini jioni na kumwamsha alfajiri kwenda kuwinda haimpi nafasi hiyo. Nusu siku ya kujaribu, mahali palipoidhinishwa, iwekwe katika bei na katika ratiba tangu mwanzo.

Kabla ya kuondoka uwanja wa ndege, makasha yahesabiwe mbele ya mteja na idadi ilinganishwe na kibali. Ikipungua, taarifa itolewe hapo hapo kwa polisi na shirika la ndege, kwani ikigundulika Mutukula msafirishaji ndiye atakayetakiwa kueleza risasi zimekwenda wapi.